Kupenda Picha na Kuishi kwa Picha

Katika maswali yanayoletwa na wanafunzi wanapozungumza na walimu juu ya kazi za maisha, limo moja linalorudi kila mwaka: Je, mtu apendaye kupiga picha aweza kuifanya hiyo ndiyo kazi yake, asiwe na nyingine? Wazazi wengi hujibu upesi kwamba haiwezekani. Husema, "Tumekulipia karo ili uwe daktari au mhandisi, nawe wataka kushinda njiani na kamera shingoni?" Vijana nao hujibu upesi kwamba yawezekana sana, kwa kuwa wamewaona katika simu zao wapiga picha wanaosafiri huku na huku na kusifiwa na maelfu ya watu wasiowajua.

Majibu yote mawili yana haraka ndani yake, na wahenga walikwisha kutuonya juu ya haraka. Katika somo hili tutatazama habari za Waafrika watatu walioipenda picha tangu ujana wao, wakaishi kwayo. Wawili walikuwa watu wa Bamako katika nchi ya Mali, na wa tatu alizaliwa Nairobi akaanza kazi Dar es Salaam. Hatuwatazami ili kuwasifu tu, kwani sifa wamekwisha kuzipata. Twataka kujua walifanyaje: nani aliwafundisha, nani aliwalipa, na walikuwa wakifanya nini katika siku zile ambazo hakuna aliyewasifu.

1. Seremala aliyeletewa kamera

Seydou Keïta alizaliwa Bamako yapata mwaka 1921, nchi ile ilipokuwa bado chini ya Wafaransa. Hakusoma shule. Alijifunza useremala kwa wazee wake. Mwaka 1935 mzee mmoja wa jamaa yake alirudi kutoka safari ya Senegal, akamletea zawadi ya kamera ndogo aina ya Kodak Brownie. Kijana akaanza kuwapiga picha ndugu na majirani.

Angalieni jambo alilolifanya baadaye. Hakuutupa msumeno siku ile. Alizishika kazi zote mbili pamoja, huku akijifunza kwa watu walioijua kazi ya picha. Mmoja alikuwa Pierre Garnier, Mfaransa mwenye duka la vifaa vya picha. Wa pili alikuwa Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga picha. Kwa huyo Dembélé ndiko Keïta alikojifunza kazi ya chumba cha giza, yaani kusafisha filamu na kuchapa picha. Studio yake mwenyewe aliifungua mwaka 1948. Tangu kupewa kamera mpaka kufungua studio ni miaka 13. Kijana anayetaka kuwa bwana wa kazi katika miezi mitatu na aikumbuke hesabu hiyo.

Studio hiyo haikuwa jumba. Ilikuwa nyumbani kwake, karibu na stesheni ya gari la moshi, mahali wanapopita watu wengi. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka ya kitanda chake. Alipiga picha uani, kwa mwanga wa jua. Aliwawekea wateja vitu vya kujipambia: saa ya mkono, kalamu ya wino, redio, pikipiki ndogo, hata motokaa yake. Mtu aliingia akiwa karani mdogo, akatoka katika picha akiwa bwana mkubwa. Kwa kuwa filamu ilikuwa na bei kubwa, Keïta kwa kawaida alimpiga mteja mmoja picha moja tu. Basi hakuwa na budi kutazama kwanza: mkono ukae wapi, kichwa kielekee wapi, nguo ianguke namna gani. Alipokwisha kutazama ndipo alipobonyeza.

Wateja wake walitaka nini? Walitaka picha ya kumpelekea ndugu aliye mbali, picha ya mke na mtoto wa kwanza, picha ya nguo mpya ya sikukuu. Hizi ndizo tunazoweza kuziita picha za posho, yaani picha za kumpatia mpigaji chakula cha siku. Hakuna mteja aliyekuja akasema, "Nipige picha itakayotundikwa katika jumba la sanaa." Mwaka 1962 serikali ya Mali, ambayo ilikuwa huru kwa miaka miwili, ilimwajiri kuwa mpiga picha wake. Studio ikafungwa, naye akastaafu mwaka 1977. Lakini zile negativu za studio, maelfu kwa maelfu, alikuwa amezihifadhi.

Mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilionyeshwa New York, nchini Marekani. Watu walizishangaa sana, lakini chini yake paliandikwa kwamba mpigaji hajulikani! Mwenyewe alikuwa hai, mzee wa Bamako, akikaa kwake. Ikabidi watu wafunge safari kwenda kumtafuta. Mwaka 1994 picha zake zilionyeshwa Paris kwa jina lake, na tangu hapo ametajwa kati ya wapiga picha wakubwa wa karne iliyopita. Alifariki mwaka 2001.

2. Sonara mwenye baiskeli

Malick Sidibé alizaliwa kijijini Soloba, kusini mwa Mali, katikati ya miaka ya 1930. Alikuwa hodari wa kuchora kwa makaa, na kwa sababu hiyo alipelekwa katika shule ya mafundi mjini Bamako, akahitimu usonara mwaka 1955. Mwaka huohuo Mfaransa Gérard Guillat, mwenye duka la picha, alitafuta mtu wa kumpambia duka lake. Sidibé akaja kupamba duka, akabaki humo. Alipokea fedha za wateja, akapeleka picha kwa wenyewe, na kila nafasi alipoipata aliangalia mikono ya bwana wake inavyofanya kazi. Mwaka 1956 akanunua kamera yake ya kwanza, Brownie Flash.

Guillat alizoea kuwapiga picha Wazungu katika dansi zao. Sidibé akaona kuna watu ambao hakuna aliyewaangalia: vijana Waafrika wa Bamako, wenye vilabu vyao, sahani zao za muziki na nguo zao za kisasa. Akawaendea kwa baiskeli. Jumamosi usiku alipita katika sherehe kadhaa, moja baada ya nyingine. Akirudi studioni alisafisha filamu mpaka alfajiri, akachapa picha ndogondogo, akazibandika kwenye karatasi kwa nambari na tarehe, akazitundika nje ya studio. Wiki ilipoanza, vijana walikusanyika kujitafuta, wakacheka, wakaagiza. Aliyeagiza alitaja nambari tu, na fundi alijua negativu iko wapi.

Hapa pana jambo kubwa kwa mtu anayetaka kuishi kwa picha. Sidibé alipendwa kwa macho yake mazuri, lakini alilipwa kwa sababu Jumamosi alifika na Jumatatu picha zilikuwa tayari. Tena hakukaa bure sherehe zilipokosekana. Alipiga picha za vitambulisho, akapiga watu picha studioni, na kutengeneza kamera mbovu za wengine. Fedha za kamera mbovu na za vitambulisho ndizo zilizoweka wazi mlango wa studio ile iliyozaa picha mashuhuri.

Naye mwisho alijulikana duniani. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Hasselblad ya Sweden, na mwaka 2007 akapewa Simba wa Dhahabu wa maonyesho ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote. Alikuwa mpiga picha wa kwanza kupewa heshima hiyo, tena Mwafrika wa kwanza. Picha yake inayojulikana kuliko zote ni ya kijana na msichana wanaocheza dansi usiku wa Krismasi mwaka 1963. Hiyo nayo ilikuwa picha ya posho: kazi ya usiku mmoja, katika sherehe ya klabu ya vijana. Sidibé alifariki mwaka 2016.

3. Mwanafunzi aliyeuza habari

Wa tatu ni wa pande hizi zetu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akakulia Dar es Salaam. Akiwa bado mwanafunzi alipata kamera kuukuu ya Box Brownie, na kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa akiwauzia magazeti picha. Mwaka 1963 alianzisha Dar es Salaam kampuni yake, Camerapix, ambayo baadaye ilihamia Nairobi.

Keïta alingoja wateja uani kwake, Sidibé aliwafuata kwa baiskeli, na Amin alilifuata tukio lenyewe popote lilipo. Mwezi Januari mwaka 1964 alipiga picha za mapinduzi ya Zanzibar. Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, Amin alifika upesi na kamera zake. Mwaka 1980 alikuwa pamoja na mwandishi Brian Barron wa BBC walipomkuta Idi Amin uhamishoni Jeddah, wakati ambapo watu wengi wa Uganda hawakujua aliko. Mwezi Oktoba mwaka 1984 yeye na Michael Buerk wa BBC walifika Korem na Mekele, kaskazini mwa Ethiopia, palipokuwa na njaa kubwa. Filamu yao ilionyeshwa tarehe 23 Oktoba, na kwa ajili yake watu wa nchi nyingi walifungua mikono. Tamasha kubwa la muziki la tarehe 13 Julai 1985, lililofanyika London na Philadelphia kuwachangia wenye njaa, lilitokana na habari ile.

Lakini tusidhani kwamba mtu huyu aliishi kwa habari za vita na njaa tu. Kampuni yake ilitoa vitabu vya picha vya nchi nyingi, vitabu vya wanyama na vya safari ya Hija, na hata jarida la wasafiri wa ndege za Ethiopian Airlines. Hapo tena twaiona picha ya posho. Habari kubwa haiji kila mwezi, bali mishahara ya wafanyakazi hudaiwa kila mwezi.

Wala tusifiche gharama. Mwaka 1966 alifungwa Zanzibar karibu mwezi mzima. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa; Amin akapoteza mkono wake wa kushoto, na msaidizi wake wa sauti akafa palepale. Alitengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara ikaanguka baharini karibu na Komoro, naye akafa pamoja na abiria wengi. Ushujaa wake wastahili heshima. Hata hivyo, kijana asidhani kwamba njia ya hatari ndiyo njia pekee ya kuwa mpiga picha wa kweli. Keïta alifanya kazi yake kubwa katika ua mmoja. Tena anayekwenda penye hatari hapeleki roho yake peke yake. Huwachukua na wenzake.

4. Tunajifunza nini?

Jambo la kwanza, mapenzi ni mtaji, si mshahara. Mapenzi hukuamsha alfajiri na kukufanya ujifunze bila kusukumwa. Lakini mtu hakulipi kwa sababu unapenda. Hukulipa siku unapompa picha anayoihitaji, kwa wakati anaouhitaji. Wote watatu walianza kuishi kwa picha siku walipoacha kuuliza, "Mimi napenda kupiga nini?" wakauliza pia, "Hapa mtaani nani anataka picha, na hakuna anayempigia?"

Jambo la pili, fundi hufundishwa na fundi. Keïta alikuwa na Dembélé, Sidibé alikuwa na Guillat. Kuna mambo ambayo kitabu na simu havitakufundisha: namna ya kumtuliza bibi arusi aliyekasirika, namna ya kupanga watu sitini kabla jua halijazama, namna ya kumdai mzee wa heshima fedha zilizobaki bila kumvunjia adabu. Hayo hupatikana kwa kumbebea fundi mfuko na kufunga mdomo, macho yakiwa wazi.

Jambo la tatu, ahadi. Picha nzuri iliyochelewa wiki sita ni deni, wala si picha. Mteja husahau kama mwanga ulikuwa mzuri, lakini hasahau kwamba alikupigia simu mara tano.

Jambo la nne, sanduku. Keïta na Sidibé wasingalijulikana kama wangalitupa negativu zao. Siku hizi hakuna filamu nyingi, na kwa sababu hiyo kupoteza kumekuwa rahisi zaidi. Simu ikiibwa, kazi ya miaka mitatu imekwenda. Fanya desturi ya kuwa na nakala tatu za kila kazi: mbili katika vyombo viwili mbalimbali, na ya tatu katika nyumba nyingine au katika hifadhi ya intaneti. Andika tarehe, mahali na majina ya watu. Picha isiyo na majina, baada ya miaka ishirini, ni picha ya wageni.

Jambo la tano, jina. Mkumbukeni Keïta na yale maneno "mpigaji hajulikani". Baada ya kufa kwake, ugomvi juu ya negativu na haki zake ulifikishwa mpaka mahakamani huko Ufaransa. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, inayoilinda kazi ya mpiga picha. Lakini sheria humsaidia aliyeandika. Kabla ya kazi, hata kazi ndogo, andikeni karatasi moja: kazi ni nini, bei ni ngapi, picha zitatolewa lini, na nani ataweza kuzitumia kwa matangazo. Kila upande utie sahihi.

5. Hesabu ya fundi

Sasa tufike penye mwiba. Vijana wengi walioacha kazi ya picha hawakushindwa na kamera. Walishindwa na hesabu. Tufanye mfano. Namba hizi ni za kujifunzia tu. Kila mmoja aweke za mji wake.

Tuseme kijana amepata sherehe 4 kwa mwezi, kila moja kwa shilingi 200,000. Mapato ni shilingi 800,000. Rafiki zake humwona tajiri. Tutazame yanayotoka. Usafiri ni 15,000 kwa kila sherehe, jumla 60,000. Kuchapa picha na albamu ni 40,000 kwa kila sherehe, jumla 160,000. Msaidizi hulipwa 30,000 kila mara, jumla 120,000. Umeme na intaneti ni 60,000 kwa mwezi. Tena kamera yenyewe: iligharimu 3,600,000, nayo tuseme itadumu miezi 36, basi kila mwezi hana budi kuweka 100,000 ili aweze kununua nyingine. Jumla ya matumizi ni 500,000. Kilichobaki ni 300,000. Kwa hiyo huyu si mtu wa laki nane. Ni mtu wa laki tatu, na kodi ya nyumba bado hajalipa.

Mwezi unaofuata sherehe ni 2 tu. Mapato ni 400,000. Usafiri, kuchapa na msaidizi ni 170,000. Lakini umeme, intaneti na akiba ya kamera havipungui. Ni 160,000 palepale. Kilichobaki ni 70,000. Angalieni vema! Kazi zimepungua kwa nusu, lakini riziki yake imeshuka chini ya robo. Hapa ndipo wengi huanza kuila akiba ya kamera, na kamera ikiharibika kazi imekwisha.

Kutokana na hesabu hii twapata kanuni mbili. Ya kwanza, usiache kazi yako nyingine, wala masomo yako, kwa sababu ya mwezi mmoja mzuri. Andika mapato na matumizi kwa miezi 12 mfululizo. Kama wastani wa kilichobaki watosha chakula, nyumba na akiba, hapo waweza kuvuka. Ya pili, tafuta kazi ndogo zisizofuata majira ya sherehe: picha za paspoti, picha za madarasa na mahafali, picha za bidhaa za wafanyabiashara, picha za nyumba zinazouzwa au za hoteli. Sidibé alitengeneza kamera. Nawe tafuta yako.

6. Je, simu imeiua kazi hii?

Wako wanaosema kwamba sasa kila mtu ni mpiga picha, basi hakuna atakayelipa. Ni kweli kwamba kazi nyingine zimekufa. Hakuna tena anayemwita fundi ili tu apate kumbukumbu ya matembezi ya Jumapili. Lakini kila mtu ana sufuria nyumbani, na wapishi wa harusi bado huitwa. Mtu huita fundi kwa jambo lisilorudiwa: arusi, ubatizo, mahafali, mazishi ya mzee. Katika siku kama hiyo hatafuti mtu mwenye kamera. Amtafuta mtu ambaye hatakosea, atakayevaa kwa heshima, asiyekunywa kazini, na ambaye picha zake zitapatikana hata baada ya miaka kumi.

Tena yeyote anayetaka kazi hii na akumbuke kwamba picha ni ya watu wawili: aliyepiga na aliyepigwa. Omba ruhusa. Usimfanye maskini kuwa bidhaa. Picha ambayo ungeona haya kuionyesha kwa mwenyewe, hiyo usiiuze.

7. Neno kwa wazazi na wanafunzi wa zamani

Wazee wetu, msimkataze kijana kwa neno moja. Mwambieni, "Nionyeshe daftari la hesabu la mwaka mmoja." Kama ana mapenzi ya maneno tu, daftari litamshinda nanyi mtakuwa mmepumzika. Kama analo, mtajua kwamba mnasema na mtu wa kazi.

Nanyi kaka zetu mliomaliza shule hii, wengine mna maduka, ofisi na studio. Twawaomba mambo mawili. Mwenye studio na ampokee mwanafunzi mmoja wakati wa likizo, kama Guillat alivyompokea Sidibé, naye aanze kwa kufagia na kubeba vyombo. Na mwenye shughuli asimwite kijana kwa maneno ya "njoo utupigie bure, utapata jina." Jina haliliwi wala halilipi nauli. Mpeni kazi ndogo, mlipeni haki yake, na mdaini picha kwa siku mliyopatana. Hapo mtakuwa mmemfundisha mambo mawili kwa fedha moja.

Basi jibu la swali letu ni hili: yawezekana, lakini kwa mlango wa picha za posho. Shuka ya kitanda ya Keïta, baiskeli ya Sidibé, na kamera kuukuu ya Amin hazikuwa vitu vya kusubiria siku njema. Zilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Picha walizozipiga ili wapate chakula ndizo ambazo leo watu hulipa kiingilio ili wazione. Hakuna ajuaye ni ipi kati ya kazi zako ndogo za wiki hii itakayotafutwa baada ya miaka hamsini. Kwa hiyo ipige kila moja vizuri, iandike jina na tarehe, uiweke mahali itakapoonekana.

Maswali ya kujadili

1. Seydou Keïta alingoja miaka mingapi kabla ya kufungua studio yake? Katika miaka hiyo alikuwa akifanya nini?

2. Kwa nini Malick Sidibé aliwafuata vijana wa Bamako, na si wateja wa bwana wake? Taja kundi moja la watu katika mji wako ambalo halina mpiga picha wake.

3. Katika mfano wa hesabu, kijana akipata sherehe 3 kwa mwezi, atabakiwa na shilingi ngapi?

4. "Picha ni ya watu wawili." Eleza maana ya maneno hayo, na utoe mfano wa picha ambayo usingeiuza.

5. Chukua picha tano za jamaa yako. Nyuma ya kila moja, au katika daftari, andika tarehe, mahali na majina ya walio ndani yake. Asiyejua na amwulize bibi au babu angali hai.